Chebyuk au Chepyuk? Historia iliyofichwa na herufi moja Mlima Elgon

Kwenye miteremko ya Mlima Elgon, Kaunti ya Bungoma, kuna eneo ambalo jina lake limeandikwa kwa namna mbili tangu mwanzo. Kuna hati zinazosema Chebyuk na nyingine zinazosema Chepyuk. Ni mradi wa makazi ulioanzishwa mwaka 1971 kuwapokea watu waliohamishwa kutoka Chepkitale, nyanda za juu za mlima huo zilizotangazwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 1968. Ugawaji wa mashamba hapo ulizua uhasama wa miaka mingi, ukalipuka vibaya kati ya mwaka 2006 na 2008.

Mgogoro wenyewe umeandikwa sana na sina nia ya kuurudia. Wiki hii nataka tuitazame hiyo herufi moja tu. Ni b au ni p?

Wengi watakwambia haraka kwamba ni makarani waliokosea tahajia. Mimi naona makarani hawana hatia. Wote wawili, aliyeandika b na aliyeandika p, waliandika walichokisikia. Tofauti hiyo haimo katika lugha ya wenye jina. Imo katika masikio ya aliyeshika kalamu. Na ukiifuata herufi hiyo kwa makini, utaona inafungua historia ya watu wa Bungoma na Kitale kuliko hotuba nyingi za kisiasa.

Tuanze na lugha yenyewe. Kisabaot ni lugha ya Kinailoti cha Kusini, ndugu wa Kinandi, Kikipsigis na Kipokot. Ndani yake mna lahaja za Kony, Pok na Bong'om, na ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda, kuna ndugu zao Wasapiny. Katika lugha hizi hakuna ule utengano tunaoujua katika Kiswahili kati ya p na b, t na d, k na g. Kwetu pata si bata, na kula si gula. Kwa Msabaot kuna kipasuo kimoja tu cha midomo. Kikianza neno, husikika kama p. Kikikaa kati ya irabu mbili, au karibu na sauti kama l na m, nyuzi za koo hutetemeka na kikaelekea kuwa b. Ndivyo ilivyo kwa k na g. Mwenyewe hasikii sauti mbili, kama vile Mswahili asivyojali kwamba n ya nchi na n ya ndizi hazitamkwi mahali pamoja kinywani.

Sasa angalia majina. Lahaja moja huandikwa Pok na pengine Bok. Watu wa Uganda huandikwa Sapiny na pengine Sabiny, nao wakoloni wakawaandika Sebei. Chepyuk na Chebyuk zimo katika kapu hilohilo. Hapa hakuna jina lililopotoshwa. Ni sauti moja iliyolazimishwa kuchagua herufi kati ya mbili.

Jina la mlima lenyewe limepitia mlango huo. Msafiri Joseph Thomson wa Scotland alifika sehemu hizi mwishoni mwa mwaka 1883, akastaajabia mapango ambamo watu waliishi na mifugo yao, na kitabu chake cha mwaka 1885 kikalieneza jina Elgon duniani. Waingereza waliofuata waliwaandika wakazi wake El Kony, na pengine Elgonyi. Hao ni Wakony, waliotanguliziwa kiambishi cha Kimaasai. Ile k ikibanwa kati ya l na irabu husikika g. Kama una shaka, tazama jirani zao wa Bonde la Kerio, ambao wenyewe hujiita Keiyo na ramani ikawaita Elgeyo. Ni hesabu ileile. Kwa hiyo kila mtoto wa Kenya anayekariri majina ya milima shuleni hutaja jina la Wakony bila kujua.

Lakini mlima huu una wenyeji wengine. Wabukusu, ambao ndio wengi katika Kaunti ya Bungoma na ni wengi pia Trans Nzoia, huuita Masaba. Lugha yao ni ya Kibantu, haina udugu na Kisabaot hata kidogo. Hata hivyo, nayo ina mambo yake na sauti ghuna.

Chukua maneno yafuatayo. Kiswahili husema maji, Lubukusu husema kamechi. Kiswahili mbuzi, Lubukusu embusi. Waganda wakitaka kusema kununua husema kugula, Wabukusu husema khukula. Unaona? Ile j imekuwa ch, z imekuwa s, g imekuwa k. Sauti ghuna zimepoteza ughuna wake. Na zile ambazo zamani zilikuwa sighuna nazo hazikubaki mahali pake. Kutuma ni khuruma. T imekuwa r. Kichwa, ambacho Waganda hukiita omutwe, ni kumurwe. Kuku ni engokho, na ile k ya mwisho imelegea ikawa kh. Ni kama watu walio kwenye foleni. Wa nyuma akisukuma, wa mbele naye husogea, ili wasikanyagane.

Wanaisimu wameibandika hali hii jina la Kanuni ya Kiluhya, kwa sababu inaonekana katika lugha nyingi za jamii hiyo. Wasomaji wanaokumbuka masomo ya chuo watatambua kwamba inafanana sana na kanuni iliyoelezwa na Mjerumani Jacob Grimm mwaka 1822. Kilatini husema duo na tres, Kiingereza husema two na three. D imekuwa t, na t imelegea ikawa th. Yaliyowakuta Wajerumani wa kale yaliwakuta pia Wabantu wa mlima Masaba, bila hata mmoja kumwiga mwenzake.

Angalia tena embusi. Ile z imegeuka, lakini mb imebaki palepale. Kwa nini? Kwa sababu nazali iliyo mbele yake huilinda b. Katika Lubukusu, vipasuo ghuna hujificha nyuma ya nazali: mb, nd, ng. Vikitoka hapo peke yake haviponi. Hata ile b inayoandikwa katika neno Babukusu si b kamili. Midomo hukaribiana tu bila kufungana, na hewa ikapita katikati.

Niliwahi kufundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari nje kidogo ya Kitale, darasa lenye watoto wa Kibukusu na wa Kisabaot wakikaa dawati moja. Wale ambao lugha ya nyumbani ilikuwa bado na nguvu kinywani, wote waliweza kusema kari badala ya gari. Wenzao waliotoka mijini walicheka kwa pamoja, eti ni lafudhi ya watu wa huku. Ukisikiliza vizuri, hata hivyo, hawakuwa na lafudhi moja. Mtoto wa Kisabaot alisema kari, lakini sukari ikamtoka sugari, maana katikati ya irabu k yake hughunika. Mtoto wa Kibukusu alisema kari, na sukari akaitamka sawasawa. Wote wawili hawakupata taabu yoyote na mbuzi wala ngoma. Niliwaambia waweke vidole kooni wasikilize mtetemo, kisha nikawaonyesha kwamba kila mmoja alikuwa akifuata kanuni ya nyumbani kwao kwa uaminifu kabisa. Vicheko vilikwisha, na maswali yakaanza.

Wachekeshaji wa televisheni wamejaza mifuko yao kwa kuigiza lafudhi hizi. Sina ugomvi na kicheko. Ninachosema ni kwamba kile tunachokiita kosa la matamshi ni kumbukumbu. Kinywa cha mtu hubeba njia waliyopita babu zake.

Na je, babu hao walipita njia mbali mbali tu, bila kukutana? La, hasha. Ushahidi mzuri kuliko wote uko katika marika ya tohara. Wabukusu hutahiri vijana katika miaka inayogawika kwa mbili, na kila kijana huingia katika rika lake. Marika ni manane na yanazunguka: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikewi, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Wakalenjin nao, Wasabaot wakiwemo, wana marika yao ambayo, kwa matamshi yanayotofautiana kidogo kutoka jamii moja hadi nyingine, ni Korongoro, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyigei, Nyongi, Maina, Chumo na Sawe.

Yapange sambamba uone. Maina ni Maina. Chumo na Chuma, Sawe na Sawa, Nyongi na Nyange. Korongoro amekuwa Kolongolo. Hapa hakuna bahati nasibu.

Swali la pili ni nani aliazima kwa nani. Sauti hujibu. Kipkoimet ni neno lenye silabi funge: kip inaishia kwa konsonanti, na met vilevile. Lubukusu, kama Kiswahili, hupenda silabi huru. Basi ile p ikaangushwa na mwishoni ikaongezwa irabu i, tukapata Kikwameti. Ni jinsi ileile Waswahili walivyolichukua neno la Kiarabu kitab wakalimalizia kwa u. Tena kip ni kiambishi kinachojulikana katika majina ya Wakalenjin, kama Kiprop na Kipchoge, ilhali katika Lubukusu hakina kazi yoyote. Mkopo ulitoka kwa Wanailoti kwenda kwa Wabantu.

Wazee wa Kibukusu wala hawalifichi jambo hili. Husimulia habari za Mango, aliyemuua joka lililokuwa likiwatesa watu, na kwa ushujaa huo Barwa wakakubali kumtahiri. Barwa ndilo jina ambalo Wabukusu huwaita majirani zao Wakalenjin wa mlimani. Mtu anaweza kulitilia shaka joka. Majina ya marika ni vigumu kuyatilia shaka. Ziko pia koo za Kibukusu ambazo wazee wake husema waziwazi kwamba asili yao ni Barwa.

Hapo ndipo tunafika kwenye jina la mji na la kaunti. Bungoma. Ipo simulizi kwamba linatokana na ngoma zilizokuwa zikipigwa hapo. Inapendeza, lakini maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba jina limetokana na Wabong'om, au Bong'omek kama wanavyojiita kwa wingi, wale watu wa lahaja ya tatu niliyoitaja mwanzoni.

Fuata hatua kwa hatua. Bong'om huishia kwa m, nasi Wabantu hatuwezi kuliacha neno hivyo, tukaongeza a. Bo ikavutwa ikafanana na bu, kile kiambishi cha nchi tunachokiona katika Buganda na Busia. Na ile ng', sauti ya ng'ombe, ikaandikwa ng, maana Kiingereza hakina namna ya kuzitenganisha kwa herufi. Waingereza huandika singer na finger vilevile ingawa hawazitamki sawa. Jina lilipokwisha kuvaa mavazi hayo, msikilizaji wa Kiswahili akaona ndani yake bu na ngoma, akatafuta maana inayomfaa. Simulizi ya ngoma ilizaliwa baada ya jina kupoteza sauti yake.

Kwangu hili si jambo la kufurahisha tu barazani. Wabong'om ni wachache, na vizazi kadhaa vya kuishi katikati ya Wabukusu vimewafanya wengi wao wazungumze Lubukusu. Mwanaisimu Mjerumani Franz Rottland, katika kitabu chake cha mwaka 1982 kuhusu lugha za Kinailoti cha Kusini, aliipa Kibong'om nafasi yake kama lugha ya kulinganishwa na nyingine. Leo mtu anaweza kuishi Bungoma miaka 40, akapiga kura Bungoma na kuzikwa Bungoma, asijue kwamba kulikuwa na watu wenye jina hilo, na kwamba bado wapo. Kaunti nzima inaitwa kwa jina lao, na wao wenyewe wametoweka ndani ya jina hilo kwa sababu ya alama moja ndogo ya ritifaa.

Na konsonanti ndizo rahisi. Irabu za Kisabaot ni shughuli pevu. Sisi tuna tano tu. Lugha za Kikalenjin zina makundi mawili ya irabu tanotano. Katika kundi moja shina la ulimi husukumwa mbele na koo likapanuka. Katika jingine shina hurudi nyuma. Kila moja tena inaweza kuwa fupi au ndefu. Jumla ni 20. Irabu za neno moja hupatana, huwa za kundi moja, na kiambishi chenye nguvu kikiingia huweza kuzigeuza zote zimfuate yeye. Ukiziandika kwa herufi zetu tano bila alama, umemwachia msomaji kazi ya kubahatisha.

Ongeza toni. Watu wakisikia habari za lugha za toni huwaza Kichina, Kitibeti na Kiburma, lugha za mbali huko Asia. Kumbe toni iko hapahapa, katika Kisabaot na katika Lubukusu pia. Katika Kisabaot ina kazi ambayo wengi hawaitarajii. Sentensi huanza kwa kitenzi, kisha majina yakafuata. Ukisema ameona, kisha ukataja Kiprop na Chebet, ni toni ya jina inayokwambia nani ameona na nani ameonwa. Iondoe toni, na hujui nani alimfanya nini nani. Hebu fikiria kesi mahakamani ikiandikwa namna hiyo!

Ndiyo maana watafsiri wa Biblia ya Kisabaot na waandaaji wa vitabu vya watoto wamelazimika kufikiri sana kuhusu tahajia. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali iendeleze lugha za kiasili, na mtaala wa sasa unataka watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Lakini lugha ya eneo ni ipi ukiwa Kitale? Ni ipi Kimilili? Kwa kawaida hushinda lugha ya walio wengi au Kiswahili. Mtoto wa Kibong'om hukaa darasani katika mji wenye jina la watu wake, na sauti yake haina kitabu.

Najua wasomaji watakaouliza ikiwa basi majina yanathibitisha nani alitangulia kufika. Swali hilo limemwaga damu kwenye mlima huu, na ni la zamani. Mwaka 1962, tume ya mipaka ya majimbo ilipokusanya maoni kabla ya uhuru, Wasabaot waliomba wawekwe Bonde la Ufa pamoja na Wakalenjin wenzao. Mlima ukabaki Magharibi, Kitale na Trans Nzoia zikaenda Bonde la Ufa, na manung'uniko hayajaisha.

Jibu langu ni kwamba sauti si hatimiliki ya shamba. Hazipimi ekari. Haziwezi kumfukuza mtu wala kumkabidhi mtu ardhi. Zinachothibitisha ni kwamba watu hawa wamekaa pamoja kwa muda mrefu kiasi cha kupeana majina ya marika yao, kutahiriana watoto na kubadilishana lugha. Jina Kikwameti halikuzaliwa vitani. Neno kama hilo huazimwa na watu wanaokaa karibu, wanaosikilizana na kualikana.

Kwa hiyo nina maombi mawili madogo. La kwanza ni kwa walimu wa Kiswahili wa Bungoma na Trans Nzoia. Mwanafunzi akisema kari, mrekebishe, maana gari ni gari, lakini mweleze pia kwa nini kinywa chake kimekwenda huko. La pili ni kwa wahariri, makarani na waandika vibao vya barabarani. Mkiwataja Wabong'om, wekeni ritifaa. Kiswahili kinayo, na tunaitumia kila siku tukiandika ng'ombe na ng'ambo. Haigharimu wino mwingi.